Terabaiti Mbili za Majani

Nimeajiriwa kutuma majani Ulaya. Si majani ya chai, maana hayo yangekuwa na mnunuzi. Ni picha za majani: majani yameinamia kulia, majani yameinamia kushoto, majani yamesimama wima yakingoja upepo, na mara moja moja, ukiwa na bahati, matako ya tembo anayeondoka.

Mama yangu aliponiuliza kazi yenyewe ni ipi, nilimjibu kwa majivuno kwamba mimi ni msaidizi wa utafiti, upande wa data. Akanyamaza, akaendelea kusonga obundu, ule ugali wetu wa muhogo, kisha akauliza: "Na mshahara wanakulipa kwa data, au wanakupa pesa kama watoto wa wenzangu?"

Utafiti wenyewe ni wa maana, nisionekane mtovu wa shukrani. Huku Kasese tumepakana na Hifadhi ya Queen Elizabeth, na tembo wa hifadhi hawajui mpaka. Usiku wanavuka kuja kula mahindi ya watu. Mitaro imechimbwa, madebe yamepigwa, pilipili zimechomwa, na tembo bado wanakuja. Ndipo akatokea Daktari (si wa sindano, wa vitabu) kutoka chuo kikuu kimoja cha Ulaya, akafunga kamera kwenye miti ili ajue wanapita wapi na saa ngapi. Kamera hizo zina jicho linalohisi kitu chenye joto kikitembea. Kikipita, zinapiga picha zenyewe.

Wazo zuri, ila aliyelibuni hakuwahi kusimama Kikorongo saa nane mchana. Pale ndipo mstari wa ikweta unapokata barabara. Kasese kwa jumla ni mji uliokaa chini ya mlima wenye barafu na bado ukaamua kuwa na joto la tanuri. Mchana majani yenyewe yanachemka, upepo unayatikisa, na kamera inaona kitu cha moto kinatembea. Inapiga. Yakitulia, inapumzika. Yakitikisika, inapiga tena. Msimu mmoja tu tulivuna picha zaidi ya laki sita, terabaiti mbili. Nilipopendekeza tufute majani tubakize tembo, Daktari alishtuka kana kwamba nimependekeza tuwafute tembo wenyewe. Data ghafi haiguswi, akasema. Kila jani liende.

Liende wapi? Hapo ndipo mkasa ulipo. Picha zilikuwa Bwera, kwenye seva iliyokaa katika chumba tulichopanga kwa Mama Masika. Jina hilo halimfichui mtu, kwa sababu sisi Wakonzo tunawaita watoto kwa zamu ya kuzaliwa, na binti wa kwanza mara nyingi ni Masika. Akina Mama Masika wa Bwera ukiwakusanya watajaza soko la Mpondwe na wengine watabaki nje. Mwenzangu anayelinda seva hiyo jina lake pia sitalitaja, ila ni mtoto wa pili wa kiume nyumbani kwao, kwa hiyo kila Mkonzo anayesoma hapa ameshalijua. Mimi nakaa Kasese mjini, kama saa moja na nusu kwa taksi. Agizo lilikuwa jepesi kutamka: toeni data kwenye seva ya Bwera, ziwekeni kwenye seva ya chuo. Daktari aliandika mstari mmoja tu na kumalizia kwa neno "asante", kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi.

Nikachukua kalamu. Terabaiti mbili ni biti trilioni 16. Kile kisahani chetu cha mtandao juu ya bati, kikiamka vizuri, kinapandisha megabiti 2 kwa sekunde. Gawanya: sekunde milioni 8. Zigeuze ziwe siku: 93. Siku 93 za mfululizo, bila umeme kukatika, bila mvua, bila mwewe kutua kwenye kisahani, na bila uchaguzi, maana hatujasahau Januari 2021, intaneti ilipozimwa nchi nzima kwa siku kama tano.

Cha kuudhi ni kwamba kisahani hichohicho kinashusha megabiti 10. Kushusha kumi, kupandisha mbili! Intaneti ya huku imejengwa kwa ajili ya walaji. Ukitaka kutazama mpira wa Uingereza, karibu mezani. Ukiwa mkulima, unataka kupeleka mavuno yako mjini, unaonyeshwa kichochoro. Na mavuno yenyewe yanatozwa. Mwaka 2018 tulianza kulipa shilingi 200 kwa siku ili tuingie kwenye mitandao ya kijamii. Julai 2021 tozo hiyo ikaondolewa, ikaja asilimia 12 juu ya bando lenyewe. Ushuru huo umesamehe data za tiba na za elimu. Nilijaribu kumshawishi mwenye duka la bando kwamba majani ni elimu. Akaniomba nisogee, kuna mteja.

Basi tukaanza. Kwa ujinga wangu nilichukua gigabaiti 200 za kwanza nikazifunga katika faili moja kubwa, gunia limeshonwa mdomo, nikalirusha. Siku tisa nilikuwa nikimpigia mlinzi wa seva, Bwambale (basi, nimeshalitaja), asubuhi na jioni kuuliza asilimia, kama mtu anayeulizia mgonjwa. Kumi na mbili. Thelathini na moja. Hamsini, hapo nikajinunulia rolex, ile chapati yetu iliyoviringishiwa mayai, ya mayai matatu kwa furaha. Themanini na nane. Siku hiyo jioni nilipopiga simu, Bwambale alikohoa kabla ya kusema. Nikajua pana msiba.

Mama Masika alikuwa amepata wageni. Soketi za chumba kile ni mbili: moja inacheza, nyingine ni ya seva. Alitaka kuchemsha maji ya chai. Akachomoa seva, akachomeka birika.

Nilipanda taksi siku hiyohiyo kwenda kumwona, moyoni nimeandaa maneno makali. Nilipofika alinipa kiti, akanipa chai, chai ileile, akasema kwa upole: "Mwanangu, nilikihurumia kile kisanduku. Usiku kinalia, mchana kinalia. Nikasema na chenyewe kipumzike kidogo."

Utamfokea vipi mtu aliyeihurumia mashine? Nikanywa chai. Ilikuwa chai ya gigabaiti 176, na ilikuwa na tangawizi.

Gunia lililokatika njiani linarudi sifuri. Kijana mmoja wa Kampala anayezijua kompyuta alinicheka kwenye simu hadi akakohoa. "Kaka, unabeba gunia zima kichwani wakati ungeweza kupeleka kwa debe?" Akanifundisha rsync. Ni programu ya mwaka 1996, ya Andrew Tridgell na Paul Mackerras kule Australia, na akili yake ni ya mama muuza soko. Kabla ya kubeba chochote inauliza upande wa pili: una nini tayari? Inatazama faili moja moja, ukubwa wake na saa lilipobadilishwa mwisho. Lililofika haligusi. Likikatika katikati, ukiiagiza itunze kipande kilichofika, inaendelea palepale ilipoishia. Umeme ukirudi unaiwasha tena, nayo haiulizi wala hailaumu. Natamani watu wawe hivyo.

Nilipoona madebe yanapita, tamaa ikaniingia. Nikaona niongeze kasi kwa bando la usiku, lile la bei nafuu linaloanza saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Nikalala Bwera, simu chini ya mto wa kulalia, kengele nimeitega saa sita kamili. Mgeni wa Bwera hajui hili, basi nimwambie bure: Bwera iko mpakani, mto Lhubiriha ukishavuka uko Kongo, na minara ya Kongo haiombi visa. Simu ikichoka na mnara wa Uganda inahamia wa ng'ambo. Na Kongo ya mashariki iko nyuma yetu kwa saa moja.

Kwa hiyo simu yangu iliyolala Uganda iliamkia Kongo. Ilipolia saa sita ya kwao, kwetu ilikuwa saa saba. Saa moja ya bando imepotea. Nikaunganisha kompyuta kwa haraka, usingizi machoni, bila kutazama mnara ulioandikwa juu ya kioo. Majani yakaanza kwenda kasi ajabu. Nikashukuru, nikalala tena. Asubuhi nikakuta salio langu la mwezi mzima limekatwa kwa bei ya mtu aliye safarini nje ya nchi. Nilikuwa nimelala kitandani Bwera, nikalipishwa kama balozi. Daktari nilipomwandikia anirudishie, aliomba risiti ya safari.

Hasira hizo ndizo zilizonipeleka kwenye diski.

Wilaya hii haijaanza leo kupeleka mizigo mbali. Mwaka 1906 Mwitalia Vittorio Sella alipanda Rwenzori pamoja na msafara wa Duke wa Abruzzi, akapiga picha za barafu, na picha hizo zikateremshwa bonde la Mubuku kwa migongo ya wapagazi. Mpaka leo wanaopima barafu ilivyopungua wanazitumia kulinganisha, na hakuna hata moja iliyokwama asilimia 88. Mwaka 1956 reli ilifika Kasese kuchukua shaba ya Kilembe, ikaenda kuyeyushwa Jinja. Siku hizi reli imeota majani (ambayo, nashukuru, hakuna aliyeyafungia kamera). Mzigo mzito ulipata mgongo au gurudumu, na hakuna aliyemwambia mchimba shaba aipitishe kwenye waya wa simu.

Nikanunua diski ya terabaiti mbili, nikaifunga kwenye kitenge, nikaipa taksi ya kwenda Bwera na karatasi juu: "Bwambale, Bwera". Nikiri kosa langu. Kuandika "Bwambale, Bwera" ni sawa na kuandika "binadamu, duniani". Pale stendi kondakta aliita jina, watu kama saba wakajitokeza, akampa aliyekuwa karibu. Diski ilipatikana baada ya siku mbili, imetunzwa vizuri kabisa, na ndani yake sinema 14 za mapigano zilizotafsiriwa na wale ma-VJ wetu wanaopiga kelele kuliko risasi. Yule Bwambale mwingine, muungwana, alinipigia simu kunieleza kwamba ya tisa ina kasoro ya sauti.

Safari iliyofuata nikaenda mwenyewe. Kunakili kulichukua saa sita. Saa ya saba nilikuwa kwenye taksi, diski mapajani kama mtoto mchanga, mkono mmoja chini yake kila tulipofikia tuta. Taksi ya watu 14 ilikuwa na watu 18, kuku watatu na kapu la samaki walioanza kutoa maoni yao. Saa moja na nusu, tukafika Kasese. Nikatoa kalamu palepale stendi. Terabaiti mbili kwa saa saba na nusu, ukihesabu na muda wa kunakili, ni megabiti zaidi ya 590 kila sekunde. Karibu mara 300 ya kisahani cha juu ya bati. Ukihesabu barabara peke yake, ile taksi ilipita kwa karibu gigabiti 3 kwa sekunde, na kondakta bado nilikuwa namdai shilingi mia tano za chenji.

Nikamwandikia Daktari kwa shangwe. Nakala iko Kasese, kesho inapanda basi la Kampala, keshokutwa inaweza kupanda ndege. Akajibu kwamba utaratibu wa chuo hauruhusu. Nikamkumbusha habari za njiwa Winston wa Afrika Kusini. Septemba 2009 alifungwa kadi ya gigabaiti 4 mguuni, akaruka kama kilomita 80 kutoka Howick hadi Hillcrest karibu na Durban. Kufikia muda ambao data zote zilikuwa zimeshapakuliwa kwenye kompyuta, saa mbili na dakika chache, intaneti waliyoishindanisha naye ilikuwa imefikisha asilimia 4. Nikamkumbusha pia ile picha ya kwanza ya shimo jeusi la angani iliyotolewa Aprili 2019. Data zake za mwaka 2017 zilikusanywa kwenye diski zenye uzito wa kama nusu tani, zikasafirishwa kwa ndege, na zile za Ncha ya Kusini zikangoja mpaka majira ya baridi yaishe ndipo zikatoka. Wanaastronomia wa dunia nzima, wenye darubini za mamilioni, walibeba diski! Mimi nani nisibebe?

Akajibu: "Inafurahisha." Mstari wa pili ukauliza asilimia ngapi.

Nimtendee haki, hoja anayo. Kila picha imeandikwa mahali ilipopigwa, na wapo watu wenye bunduki ambao wangelipa vizuri kujua tembo wanapita wapi saa tisa usiku. Diski ikipotea si majani tu yamepotea. Nikamweleza kwamba diski hufungwa kwa ufunguo wa siri, aliyeiokota anaona takataka tupu. Akasema hilo linawezekana, kuna fomu, na fomu inapitiwa na kamati, na kamati inakutana mara moja kila miezi mitatu.

Miezi mitatu. Siku 93, ukipenda.

Basi nakala ya Kasese tukaiacha iwe akiba, maana mto Nyamwamba ulipofurika Mei 2013 na tena Mei 2020 ulitufundisha kwamba kitu chenye nakala moja ni kitu ulichoazimwa tu. Seva ya Bwera, penye ubaridi kidogo, ikaendelea kupandisha. Kilichobaki kilikuwa kuhakikisha nakala mbili hizi ni sawasawa. Kompyuta ina njia nzuri: inalisaga faili, hata likiwa kubwa kama nyumba, inatoa alama ya vidole, herufi na tarakimu 64. Ukibadilisha nukta moja ya jani moja, alama yote inageuka. Laiti na sisi tungepewa hizo badala ya majina ya zamu. Pale stendi kondakta angeita tarakimu 64 na Bwambale mmoja tu angeitika.

Bando la Bwambale lilikuwa limekwisha, kwa hiyo alama ya orodha nzima tukasomeana kwa simu ya kawaida, usiku, mimi Kasese yeye Bwera.

"Tano. E ya embe. Mbili. B ya bata. Sifuri, sifuri."

"Sifuri moja au mbili?"

"Mbili, mukubwa. C ya chai."

"Hiyo chai usiitaje. Endelea."

"A ya asali. Saba. F ya fisi..."

Kufikia ya 41 nikasikia mlio, simu yake ikahamia Kongo, salio likaisha. Tukaanza upya. Mara ya pili tulifika mwisho, na alama hazikulingana. Tulitafuta siku mbili, folda kwa folda, mpaka tukalipata faili moja lililoharibika wakati wa kunakili. Nikalifungua kwenye seva ya Bwera, zima kabisa, moyo unadunda, nione tumekaribia kupoteza nini.

Majani. Yameinamia kushoto.

Wiki iliyopita gigabaiti 200 za kwanza zilifika Ulaya salama, alama zote zikilingana. Nilikaa karibu na simu kungoja pongezi. Ujumbe wa Daktari ulikuja jioni, mfupi kama kawaida yake: "Asante. Swali moja tu: mbona picha nyingi ni majani?"

Leo hii rsync iko folda ya 112 kati ya 340. Mama Masika anaongoza kwa kuuliza maendeleo, na seva ameifunika kitambaa cha maua, tumekiondoa mara mbili, amekirudisha mara tatu. Kwa hiyo, msomaji, ukijikuta Bwera kwenye nyumba yenye kisahani juu ya bati, utakaribishwa chai, nawe ipokee, ni nzuri. Ila soketi iliyo karibu na dirisha, ile niliyoizungushia plasta nyeupe na kuandika kwa Kiswahili, kwa Lhukonzo na kwa Kiingereza, usiiguse. Simu yako ipeleke ikachajiwe kwa kinyozi.